Kufungasha kwa safari ya meli: begi dogo la mama lilivyonishinda

Sanduku langu lilikuwa na kilo 22. Nililipima kwenye mizani ya bafuni kwa mazoea ya ndege, ingawa kwenye meli ya kitalii hakuna aliyetupimia kilo. Ndani yake mlikuwa na jozi saba za viatu, magauni matatu ya usiku, pasi ndogo ya safari, jagi la umeme la kuchemshia chai, na ekstensheni ya matundu sita, maana nilishasikia kwamba vyumba vya meli vina plagi chache. Mama yangu, aliyekuja Houston kututembelea kutoka Tanga, alikuwa na begi moja la begani, lile lililofifia rangi ambalo huenda nalo msibani na harusini.

"Mwanangu, si tunakwenda siku tano? Mbona kama unahama?"

Nilicheka. Kufikia saa mbili usiku nilikuwa nimevaa dera lake.

Mambo huenda hivi. Ukifika bandarini Galveston, huku huku Texas, sanduku kubwa unawakabidhi wachukuzi hapo hapo nje, kabla hujaonyesha hata pasipoti. Lina karatasi yenye namba ya chumba chako, linapita kwenye mashine ya ukaguzi, halafu mtu wa meli analileta hadi mlangoni. Kwenye matangazo hawakuambii kwamba wewe unaweza kuwa ndani saa saba mchana na sanduku likabisha hodi saa moja usiku. Hizo saa sita bwawa la kuogelea liko wazi, watoto wanalia wanataka kuogelea, na nguo za kuogelea ziko tumboni mwa meli. Langu halikubisha hodi kabisa. Nilipigiwa simu chumbani niteremke chini kwa walinzi, nikawakuta wenzangu kama kumi wamepanga foleni, kila mmoja ana uso wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Pasi, jagi na ekstensheni vyote viliwekwa mezani, nikaandikiwa karatasi, nikaambiwa nitavichukua siku ya kushuka.

Nilikasirika, lakini sababu ina uzito. Moto ukiwaka baharini hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo vyombo vya kupasha joto kama pasi na jagi la umeme vinakataliwa, pamoja na mishumaa na udi wa kuchoma. Kuhusu ekstensheni, tatizo ni zile zenye kinga ya umeme uliozidi. Nyumbani waya mmoja ndio wenye moto, na kinga ile imetengenezwa kwa mpango huo. Melini mara nyingi nyaya zote mbili zina moto, kwa hiyo kifaa kikikata waya mmoja tu, umeme unaendelea kupita na chenyewe kinaweza kuungua. Walinzi wa Pwani wa Marekani walishatoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2013. Ukitaka matundu zaidi, beba kichwa cha chaja chenye matundu kadhaa ya USB, kisicho na kinga wala waya mrefu. Na kama unatoka Afrika Mashariki na chaja ya miguu mitatu ya kwetu, chukua adapta kabisa. Chumba chetu kilikuwa na matundu ya Kimarekani na ya Ulaya, ya kwetu hakuna.

Sasa niwaambie begi la mama lilikuwa na nini, kwa sababu tangu siku ile nafungasha kwa kulifuata. Lilikuwa na dawa zake za presha kwenye vichupa vyake vya asili vyenye jina lake. Pasipoti na karatasi zake za viza kwenye mfuko wa nailoni. Dera mbili. Doti moja ya kanga, haijakatwa. Ndala. Kipande cha tangawizi kavu, saa yake ya mkono, msala wa safari wa kuswalia na kalamu. Basi.

Kanga sina haja ya kumfundisha Mswahili, ila niseme tu kwamba ile doti ilifanya kazi ya vitu vinne nilivyokuwa nimenunua dukani. Ilikuwa taulo ya ufukweni, kivuli cha mtoto kwenye kiti, shuka la kujifunika kwenye ukumbi wa maonyesho ambako kiyoyozi hupuliza kama jokofu la buchani, na pazia. Ndiyo, pazia: kijana wangu alitaka kulala mchana na dada yake anataka taa. Tuliitundika kwa kulabu za sumaku, kitu pekee nilichonunua mimi ambacho hata mama alikisifu. Kuta za vyumba vya meli ni za chuma. Kulabu sita ndogo za sumaku zitakushikia kofia, nguo mbichi, mikoba na kadi za vyumba, na chumba kile chembamba kitapumua.

Kama umechukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei nafuu, beba taa ndogo ya usiku ya betri. Giza la mle si la kawaida. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikaona giza totoro, nikarudi kulala. Nilipoamka tena chai ya asubuhi ilikuwa imeshaondolewa.

Nguo nitapita haraka. Kwa siku tano, nguo za siku tatu zinatosha. Hakuna anayekumbuka ulivaa nini juzi. Usiku mmoja hivi huwa wa kupendeza, gauni moja au shati zuri litakutoa. Sweta moja jepesi. Viatu jozi mbili na ndala. Pasi usibebe, nimeshasema. Ukioga maji moto, tundika gauni bafuni, mvuke utalinyoosha kiasi.

Kuchafukwa roho ndiko kulikonitia adabu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimepanda majahazi nikiwa mdogo, nikajiaminisha kwamba Ghuba ya Meksiko haiwezi kunifanya kitu. Usiku wa kwanza upepo ulivuma, na meli ya ghorofa kumi na kitu ikawa inanesa polepole. Kunesa kwa polepole ndiko kubaya, bora hata ngalawa. Mama alinipa tangawizi ya kutafuna, ikasaidia kidogo. Mhudumu akaniletea tofaa la kijani na biskuti kavu za chumvi, dawa ya mabaharia wa miaka yote, zikasaidia kidogo tena. Kilichonisimamisha ni kidonge cha meklizini, ambacho Marekani hununuliwa bila cheti cha daktari. Siku hizi nakimeza kabla meli haijaondoka, kwa sababu ukisubiri hadi tumbo ligeuke umeshachelewa. Kinaleta usingizi, na mwenye glakoma, yaani presha ya macho, au tezi dume lililovimba aulize daktari kwanza. Kipo pia kibandiko cha skopolamini cha nyuma ya sikio kinachokaa hadi siku tatu, lakini hicho kinataka cheti. Vyovyote uchukuavyo, viwe kwenye begi la mkononi. Zahanati ya meli ipo, na bili yake nayo ipo.

Na sabuni. Watu hubeba vitakasa mikono vya spiriti lita nzima, ilhali norovirusi, ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaosifika melini, hautishiki sana na spiriti. Nawa kwa maji na sabuni kila unapokwenda kula. Mimi hubeba kipande changu cha sabuni ya mche, najua kinachokata.

Cozumel, kisiwa cha Meksiko, ndipo nilipojuta kutosoma mapema. Maji yake ni ya kuona chini hadi mchanga, matumbawe yako karibu, na sehemu kubwa ya miamba ile imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1996. Kwa ajili ya matumbawe, mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayatakiwi mle. Wanataka yale ya madini ya zinki, au usipake kabisa. Sasa yale ya zinki, kwa ngozi zetu, hukuacha umepauka kana kwamba umetoka kutwanga muhogo. Nilijipaka, nikapigwa picha, picha nikazifuta. Suluhisho ni shati la kuogelea la mikono mirefu, ambalo mama alikuwa amevaa tangu mwanzo kwa sababu zake mwenyewe, na viatu vya mpira vya kuingilia majini. Mtu aliyekulia Tanga akasahau kwamba majini kuna urumo wenye miiba, huyo amekaa Texas muda mrefu mno.

Baada ya Cozumel tukaenda Progreso, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo karibu tuachwe.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Meli yetu ilibaki na saa za Galveston safari nzima, na mwisho wa kupanda ulikuwa saa kumi na nusu jioni. Cozumel simu yangu na saa ya meli zilikwenda sawa, nikaridhika. Progreso iko nchi ile ile ya Meksiko lakini jimbo jingine, la Yucatán, na saa zake ni nyingine. Meksiko iliacha kusogeza saa za kiangazi mwaka 2022, wakati Texas bado inasogeza. Kwa hiyo Julai, Progreso iko nyuma ya Galveston kwa saa nzima. Simu, kwa akili yake, ilijirekebisha yenyewe bila kuniambia.

Tuko pwani, tumeagiza samaki wa kukaanga kwa mara ya pili. Simu inasema saa tisa na dakika kumi. Nikamwambia mama tuna muda tele. Akatazama mkono wake.

"Mbona yangu inasema saa kumi na dakika kumi?"

"Yako imekosea, mama. Simu inachukua saa ya hapa."

"Na meli inachukua ya wapi?"

Samaki walibaki mezani. Gati la Progreso lina urefu wa kilomita 6.5 hivi, kwa sababu pwani ile ni ya maji mafupi sana na meli kubwa haiwezi kusogea. Huwezi kukimbia, lazima upande basi. Tuliukuta mlango wa basi ukifungwa, mwanangu akaupiga kofi, dereva akafungua. Tulipanda ngazi ya meli dakika nne kabla, na huko juu kwenye roshani watu wamejipanga na vinywaji wanatupigia makofi. Nasikia ni burudani yao ya kila bandari.

Kwa hiyo: saa ya mkono. Ya betri, ya bei rahisi, isiyojua intaneti. Iwekee saa ya meli siku ya kwanza na usiiguse. Simu iweke kwenye hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, kwani mtandao wa simu wa katikati ya bahari hutozwa bei ya kukutoa machozi, nayo hujiunga yenyewe usiku umelala.

Kuhusu karatasi, nitasema la msingi. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ile ile huruhusiwa hata na cheti cha kuzaliwa. Ndugu yangu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hiyo si habari yako. Mwenye grini kadi, ile ya ukaazi wa Marekani, aibebe yenyewe pamoja na pasipoti, nakala haitamsaidia. Mgeni kama mama awe na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikifika Meksiko umetoka, na ukirudi unaingia upya. Meksiko humpokea mgeni mwenye viza hai ya Marekani, lakini visiwa vya Karibi kila kimoja kina masharti yake, na vingine humuuliza anayetoka kwetu kadi ya manjano ya chanjo. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi kabla hujalipa, majibu yachapishe, yatie mfukoni. Ukielekea Jamaika au Barbados, acha nyumbani nguo za rangi za kijeshi. Kwa raia huko ni kosa la sheria, hata ikiwa ni kaptura ya mtoto.

Msala wa mama ulileta shughuli ndogo ya kutafuta kibla. Meli hugeuka, na dira ya simu huyumba ndani ya chuma kingi namna ile. Alikuja kugundua kwamba ile stesheni ya runinga inayoonyesha ramani na meli inaelekea wapi ndiyo yenye jibu, akawa anaiwasha kila wakati wa swala kabla ya kutandika. Wajukuu wakaiita runinga ya bibi.

Usiku wa mwisho sanduku linawekwa nje ya mlango kabla ya saa tano, ili asubuhi ulikute bandarini. Nilikuwa nimechoka. Nikafungasha kila kitu vizuri, nguo za asubuhi nikaziacha kitini kama nilivyoshauriwa, sanduku likaenda. Saa kumi na mbili asubuhi nikaamka, nikavaa, nikatafuta viatu. Jozi zote saba zilikuwa zimeshateremka.

Nilishuka Galveston na ndala za mama, kisigino kinaning'inia nyuma, mkono mmoja umebeba mfuko wa pasi, jagi na ekstensheni yangu niliyorudishiwa. Afisa alitazama pasipoti, akatutazama, akauliza kama tumebeba matunda au chakula chochote kutoka melini. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie chungwa lilikuwepo," akasema, "ila nimeliona bango, nimelila hapo kwenye foleni."