Bushi ya kanyagio la klachi: usiipime ikiwa moto

Ndugu yetu ameuliza kama anaweza kujikerezea nyumbani, kwa mashine ya kerezo, bushi ya kanyagio la klachi la Land Rover kuukuu (bomba fupi la madini linalokaa tunduni ili ekseli izunguke ndani yake), kwa kuwa madukani haipatikani. Inawezekana. Mimi nimekereza mbili hapa Malindi. Ya kwanza niliitupa, wala kosa halikuwa la mashine. Vipuri vya breki na usukani sivigusi, na yeye asiviguse.

Vipimo asivichukue kwenye bushi iliyotoka, kwani imekwisha kulika. Apime tundu inamokaa, kisha ekseli inayopita ndani yake, kila kimoja mara tatu kwa pande tofauti. Mimi nilitumia kipande cha bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) kilichotoka kwenye injini ya mashua. Kisu cha kukerezea bronzi kinolewe uso wa juu ukiwa bapa, kwa sababu kikiinamishwa kama cha kukerezea chuma hujizamisha ndani ya shaba na kukwama.

Tundu langu lilikuwa mm 24.00, nami nilikusudia bushi iwe mm 24.02 ili iingie kwa kushindiliwa. Ulikuwa msimu wa kaskazi, joto halisemeki. Nikaipima kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene) ikiwa bado kwenye chaki (kibanio cha kerezo kinachoshika kipande), ya moto kiasi cha kutoshikika, nikasoma 24.02, nikafurahi. Asubuhi yake niliisukuma kwa kidole, ikateleza hadi ndani. Bronzi ya kipenyo hicho ikipoa kwa nyuzi 50 hunywea karibu mm 0.02, yaani kile chote nilichokuwa nimekiacha. Mzee mmoja aliyezoea kukereza miguu ya vitanda alinicheka sana. Mbao hazina taabu hiyo.

Ya pili, nilipobakiwa na mm 0.1 nilizima mashine, nikaenda kuswali Alasiri, nikarudi imepoa kabisa, ndipo nikamalizia kwa mikato miembamba. Niliishindilia kwa jiliwa (kibanio cha mezani), nikiwa nimeweka kibao kila upande. Ajue kwamba bushi ikishabanwa, tundu lake la ndani nalo husinyaa, kwa hiyo kwenye kerezo aliache dogo kidogo, kisha alipanue kwa rima ya mkono (chombo chenye makali cha kupanulia tundu) bushi ikiwa mahali pake, mpaka ekseli ipite kwa kusukumwa na mkono huku ikiwa na nafasi ya kama mm 0.05 kwa ajili ya grisi.