Nikiacha masomo katikati ya muhula, Pell yangu itakuwaje?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma mwaka wa pili katika chuo cha jamii hapa Ohio, Marekani, najiandaa kuingia uuguzi. Tulikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nina grini kadi, na Pell, ile ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ndiyo inayonilipia ada. Muhula huu mama amelazwa mara mbili, nami nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nina masomo manne, jumla krediti 12: anatomia 4, kemia 4, uandishi wa Kiingereza 3 na stadi za chuo 1. Kemia nina asilimia 38, anatomia 64, hayo mengine nayamudu. Mwaka jana nilijiandikisha krediti 24, nikafaulu 18. Tuko wiki ya saba kati ya 16. Mwenzangu ananishauri niache tu kwenda darasani nianze upya muhula ujao, anasema W, ile alama ya kujitoa kwenye somo, haina madhara. Ni kweli? Nikipoteza msaada huu sina pa kushika.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguliwa.

Usiache kuhudhuria kimya kimya, na usijitoe kwenye masomo yote manne kabla hujapiga hesabu. Nafanya kazi hii ya msaada wa fedha vyuoni, na ushauri kama wa mwenzako ndio unaoniletea vijana wengi mezani wakiwa wameshachelewa. Hapa kuna kanuni mbili tofauti. Moja inaangalia maendeleo yako ya masomo tangu ulipoanza chuo, nayo ofisi zetu huiita SAP (Satisfactory Academic Progress). Ya pili inaangalia fedha za muhula huu peke yake, endapo utaondoka kabla muhula haujaisha. Mtu anaweza kusalimika kwenye moja akaumia kwenye nyingine.

Nianze na SAP. Sheria ya shirikisho inakitaka kila chuo kinachotoa Pell na mikopo ya serikali kipime mambo matatu. La kwanza ni GPA, yaani wastani wa alama zako: vyuo vingi vinataka 2.0, na ukimaliza mwaka wa pili unatakiwa uwe na wastani wa C au kiwango kinacholingana na masharti ya kuhitimu chuoni kwako. La pili ni mwendo, yaani krediti ulizofaulu ukizigawa kwa krediti zote ulizojiandikisha. La tatu ni kikomo: huruhusiwi kuzidisha asilimia 150 ya urefu wa programu yako. Programu ya krediti 60 ina kikomo cha krediti 90. Na hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 67 utakayoikuta kwenye kanuni za vyuo vingi: 60 kwa 90 ni theluthi mbili. Anayekwenda polepole kuliko hapo hawezi kumaliza kabla ya kikomo.

W haigusi GPA. Hilo mwenzako amelipatia. Ila kwenye mwendo, W inahesabiwa kuwa ulijaribu na hukupata, sawasawa na F. Sasa tuchukue namba zako mwenyewe. Mpaka mwaka jana ulikuwa na 18 kwa 24, yaani asilimia 75, uko salama. Ukiongeza 12 za muhula huu, zote ulizojaribu zinakuwa 36. Ukijitoa kwenye masomo yote manne, unabaki na 18 kwa 36: asilimia 50, umeanguka. Ukijitoa kemia na anatomia, ukafaulu hayo mawili madogo, ni 22 kwa 36, kama asilimia 61, bado uko chini. Lakini ukijitoa kemia peke yake na kufaulu matatu yaliyobaki, ni 26 kwa 36, asilimia 72. Umevuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, muhula wako wote sasa umesimama juu ya anatomia. Kemia yenye 38 katika wiki ya saba, kwa mtu anayekesha ghalani na kumuuguza mama, mimi ningeiachia kwa W kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa. Tarehe hiyo iko kwenye kalenda ya chuo, na ikipita utabaki na alama halisi. Anatomia yenye 64 inaokoleka. Nenda kwa mwalimu wa anatomia wiki hii, mweleze hali ya mama, uliza ni kazi zipi bado zina alama za kutosha kukuinua. Kituo cha chuo cha kusaidia masomo kwa kawaida hakina malipo kwa mwanafunzi. Kama ghala linaweza kukupunguzia zamu moja kwa wiki tisa zilizobaki, mshahara utakaoukosa ni mdogo kuliko Pell ya mwaka mzima. Najua bili za nyumbani hazisubiri, lakini hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi kabla hujaikataa.

Mama akizidiwa karibu na mitihani, unaweza kumwomba mwalimu akupe alama ya I, inayokuruhusu kumalizia kazi baada ya muhula. Mpaka utakapoimaliza, krediti zake zinakaa kwenye mwendo kama hujafaulu, kwa hiyo usiiombe kama huna hakika utapata muda wa kumalizia.

Ukibaki na krediti 8 bado uko juu ya nusu ya mzigo kamili, ambayo ni 6. Kama una mkopo wa serikali, mstari huo ni muhimu: ukishuka chini yake, ile miezi sita ya kungojea kabla ya kuanza kulipa inaanza kuhesabika. Na kwa kuwa kemia ulianza kuisoma kweli, katika vyuo vingi kuiacha sasa hakupunguzi Pell ya muhula huu. Hata hivyo kila chuo kina tarehe yake ya kufunga hesabu ya krediti, kwa hiyo liulize swali hilo moja kwa moja ofisini.

Sasa ile kanuni ya pili, inayomhusu anayeondoka kabisa. Serikali inachukulia kwamba Pell unaichuma siku kwa siku. Zinahesabiwa siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, isipokuwa mapumziko rasmi ya siku tano au zaidi mfululizo. Ukiondoka kabla ya kuvuka asilimia 60 ya muhula, umechuma asilimia ya siku ulizokaa tu. Ukishavuka hapo, umechuma yote.

Tuseme muhula wenu una siku 110 na leo ni siku ya 44. Tuseme Pell yako ya muhula ni dola 3,000, ada ni 2,400, na zile 600 zilizobaki ulipewa mkononi. Ukiondoka leo umechuma asilimia 40, yaani 1,200, na 1,800 hukuzichuma. Chuo kinatakiwa kurudisha sehemu yake ndani ya siku 45: asilimia 60 ya ada, yaani ile ambayo hukuichuma, dola 1,440. Zinabaki 360 ambazo kwa hesabu ni zako kurudisha, lakini sheria inamkinga mwanafunzi kwa nusu ya ruzuku aliyopokea, kwa hiyo serikali haikudai kitu.

Wengi wakisikia hapo hushusha pumzi, na ndipo wanapokosea. Zile 1,440 chuo kimezirudisha serikalini, lakini ada yako bado iko palepale kwa sababu tarehe ya kurudishiwa ada ilishapita. Chuo kinakugeukia wewe. Deni linaandikwa kwenye akaunti yako, usajili wa muhula ujao unafungwa, na ukikaa bila kulipa linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni. Nimeona kijana akirudi baada ya miaka miwili, ana hamu ya kusoma, akakuta mlango umefungwa na deni ambalo hakuwahi kujua kama lipo.

Kwa mfano huo huo, asilimia 60 inafika siku ya 66, kwa hiyo kuanzia siku ya 67 Pell yote ni yako. Ni siku 23 tu kutoka leo. Hata kama mambo ya nyumbani yatakulazimisha kuondoka kabisa, kuhudhuria kweli mpaka hapo kunakuepusha na deni. Hakukuepushi na SAP: bado ungekuwa na 18 kwa 36.

Na kuacha kwenda bila kumwambia mtu ndiko kubaya kuliko kote. Ukipata F zote, chuo kinalazimika kuchunguza kama ulifeli ukiwa darasani au ulitoweka. Kikiona ulitoweka, na kama ni chuo kisicholazimika kuchukua mahudhurio, kinaweza kuhesabu kwamba uliondoka katikati ya muhula, asilimia 50. Unapata F zinazobomoa GPA, unaanguka kwenye mwendo, na deni juu yake. Kuingia tu kwenye ukurasa wa somo mtandaoni hakuhesabiki kuwa mahudhurio. Kinachohesabika ni kazi ya masomo, kama kufanya jaribio, kukabidhi zoezi au kushiriki mjadala wa somo.

Itakuwaje kama mwendo utashuka chini ya kiwango licha ya juhudi? Waliosoma Tanzania wanajua kudisko, unafungasha unaondoka. Huku mambo hayaendi hivyo. Chuo kinaweza kukuacha uendelee kusoma huku msaada wa fedha umekatwa, na mtu hugundua siku bili inapokuja. Chuo kinachopima SAP kila muhula kinaweza kukupa onyo la muhula mmoja, na Pell inaendelea bila rufaa. Kinachopima mara moja kwa mwaka hakina onyo hilo. Kinakata, nawe unakata rufaa. Uliza chuo chako kiko upande gani.

Rufaa inataka mambo mawili: kwa nini ulishuka, na nini kimebadilika kitakachokuwezesha kufikia kiwango. Ugonjwa wako, kufiwa na ndugu, au hali nyingine maalumu vinakubalika, na kumuuguza mama aliyelazwa ni hali ya kuielezea kikamilifu. Barua nyingi ninazosoma zinaeleza vizuri sana kilichotokea, kisha zinaishia hapo. Sehemu ya pili ndiyo inayobeba rufaa. Andika kwamba dada yako sasa anakaa na mama siku za masomo, kwamba umehamia zamu ya mchana, kwamba utachukua krediti 9 badala ya 12. Ambatanisha karatasi za hospitali zenye tarehe na barua ya mwajiri. Anza kuzikusanya sasa, maana miezi sita baadaye kuzipata ni kazi. Rufaa ikikubaliwa utawekwa kwenye uangalizi, mara nyingine pamoja na mpango wa masomo wa kufuata.

Kukaa nyumbani muhula mmoja hakurudishi msaada. Namba zako zitakuwa zilezile siku utakayorudi.

Kesho asubuhi nenda kwanza ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kubonyeza chochote kwenye mfumo wa usajili. Waombe wakupigie hesabu ya mwendo wako ukiacha kemia peke yake, wakuambie muhula wenu unavuka asilimia 60 tarehe ngapi, na kama Pell itapungua ukibaki na krediti 8. Wakikujibu kwa mdomo, waombe wakuandikie barua pepe, uihifadhi pamoja na karatasi za hospitali za mama.