Masega ya ekzosi: kwa nini kuyaosha hakusaidii

Sheikh, umeuliza kwa nini masega ya gari yameoshwa kwa sabuni na moshi bado unanuka petroli. Kilichoharibika si vitundu, ni uso wa madini.

Masega, yaani kisafisha moshi kilichomo ndani ya bomba la ekzosi, ni kigae chenye matundu membamba, kimepakwa alumina (oksidi ya alumini) yenye vinyweleo, na juu yake chembe ndogo mno za platini, paladi na rodi. Gramu chache tu kwa gari nzima. Madini hayo ndiyo kichocheo, nacho ni kigumu, moshi ni gesi, na kazi yote inafanyika pale vinapogusana. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, inanata kwenye platini. Oksijeni inatua jirani, molekuli yake inakatika vipande viwili, atomu moja inaungana na ile kaboni monoksidi, inakuwa kaboni dioksidi, inabanduka, na nafasi inabaki wazi kwa nyengine. Platini yenyewe hailiki.

Sasa nafasi hizo zikishakaliwa na fosforasi na zinki za oili inayoungua, hapana sabuni ya kuzitoa. Plagi isiyochoma ndiyo balaa zaidi: petroli mbichi inawakia ndani ya masega, joto linapita digrii 1,000, chembe zinashikana madonge, uso unapungua, kigae nacho huweza kuyeyuka.

Na usiyapime masega injini ikiwa baridi (wengi hukosea hapa). Yanataka kama digrii 250 hadi 300 ndipo yaanze. Mwendo mfupi kama Darajani mpaka Malindi, hapa mjini Unguja, hayajapata moto. Tengeneza plagi kwanza, na ringi za pistoni zinazozuia oili isiungue, masega baadae.