PoE imeungua mara ya pili kwa mteja? Pima soketi kabla hujanunua ya tatu

Mkuu, nimekuelewa: ulimfungia mteja intaneti ya antena ya juu ya paa, baada ya miezi miwili chaja ya PoE (ile inayopeleka umeme kwenye antena kupitia waya ule ule wa intaneti) ikafa, ukabadilisha kwa hela yako, na wiki tatu baadaye ya pili nayo imekufa. Sasa mteja anasema unafunga vifaa feki, nawe unauliza ununue ya tatu au umrudishie hela. Usifanye lolote kati ya hayo kwanza. Mimi ya tatu niliinunua.

Ilikuwa Kimara, nyumba ya ghorofa, mwenyewe ni mzee mstaafu. Chaja ya kwanza ilipokufa nilisingizia umeme kukatika usiku ule. Ya pili nikalaumu duka nililonunua, nikahamia duka lingine. Ya tatu ilidumu siku nne. Mzee hakufoka, na heri angefoka. Alinikaribisha chai, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi wewe unajua kinachoziua?" Shilingi 75,000 zilikuwa zimeshanitoka mfukoni na jibu sina.

Ndipo nikatoa maltimita (kipimo cha volti) na kuipima soketi yenyewe. Aibu kusema, lakini kabla ya siku hiyo nilikuwa napima upande wa DC tu, yaani umeme unaotoka kwenye chaja, ukutani nilikuwa naamini kwa macho. Ikasoma 236. Kawaida kabisa, nikaanza kujiandaa kuondoka. Huku nyuma mtu akawasha pampu ya kisima na namba zikaanza kupanda mbele ya macho yangu: 250, 262, 271. Nikakimbilia jikoni nikapima soketi ya kule, 188. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka kama ya uwanjani, ya jikoni imefifia. Mzee akaniambia hilo la taa lina miezi, na balbu za sebuleni wamebadilisha mpaka wamechoka.

Nyumba ilikuwa na umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawana soketi za nyumba, na waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme wa fezi zote, ulikuwa umelegea mahali. Nyutro ikilegea, kila fezi inaacha kusimama kwenye 230 yake. Zinaanza kuvutana. Iliyobeba mzigo mkubwa, kwa pale ni ile ya pampu na jikoni, inashuka, na iliyobeba vitu vidogo kama ruta na taa mbili inapanda. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, kwa hiyo nafasi ya kupanda ipo ya kutosha. Sasa chukua chaja yako usome: imeandikwa 100-240V. Ndani yake kuna kapasita kubwa (kopo dogo la kutunza umeme), mara nyingi ya volti 400. Umeme wa ukutani ukifika 290, baada ya kugeuzwa DC unakuwa kama 410. Kapasita inavimba, inapasuka, na wewe unaitwa tapeli.

Nilizima mainswichi, nikamwambia mzee asiiwashe mpaka aje fundi umeme. Sikufungua kitu, na wewe usifungue hata kama unajiamini, maana kazi ya umeme wa nyumba si yetu sisi wa mitandao. Kama tatizo liko kabla ya mita, ni la shirika la umeme, mteja apige simu ya dharura. Likiwa baada ya mita, ni la fundi mwenye leseni. Kwa mzee ilikuwa skrubu ya nyutro ndani ya sanduku la mainswichi, imelegea na ncha ya waya imekuwa nyeusi kama mkaa. Fundi alikata kipande kilichoungua, akakaza upya. PoE ya nne inafanya kazi mpaka leo. Baada ya hapo nilimshauri aweke friji gadi kwenye soketi ile, kwa sababu ile yenye kukata umeme unapozidi ingeniokoa tangu siku ya kwanza.

Si kila chaja inakufa hivyo. Ukikuta chaja haijafa ila ruta inawaka, inazima, inawaka tena, usidanganywe na maltimita inayosoma 12V. Inasoma hivyo kwa sababu haijabeba kitu. Nenda gereji omba balbu mbili ndogo za gari za wati 5, ziunge sambamba kwenye chaja ya 12V 1A. Zitavuta kama ampea 0.8. Chaja nzima itabaki karibu na 12, iliyochoka itaporomoka hadi 8 au 7 hapo hapo. Mimi huwa nafanya hivi mteja akiangalia, maana balbu kufifia hata bibi asiyejua volti anaiona, na mabishano yanaisha.

Angalia pia kilichokufa ni nini hasa. Kama chaja ni nzima ila tundu la LAN (la waya wa mtandao) la antena au la ruta limekufa, na mvua ya radi ilipita, mpigo wa radi umeingia kwa waya wa paani, na friji gadi haikusaidii kitu. Hapo ni habari ya ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, na waya wa mtandao wenye kinga.

Na uliza nani aligusa. Hizi PoE za volti 24 zina matundu mawili yanayofanana, moja PoE, lingine LAN, na zinasukuma umeme bila kuuliza kilichochomekwa ni nini. Zile za kiwango cha 802.3af zinajitambulisha kwanza ndipo zitoe umeme, hizi hazina adabu hiyo. Dada wa kazi anachomoa ili afagie, anarudisha kinyume, na tundu la ruta linaungua. Nimeikuta nyumba tatu. Siku hizi naweka utepe mwekundu kwenye waya wa PoE na kwenye tundu lake, basi.

Kuhusu hela: ya kwanza ikifa ndani ya muda wa dhamana yako, badilisha bila maneno hata kama unajua kosa si lako. Ya pili, hapana, mpaka soketi ipimwe pampu, pasi na friji vikiwa vinafanya kazi, si nyumba ikiwa kimya. Piga picha ya maltimita ikionyesha namba, mtumie mteja kwa WhatsApp hapo hapo ukiwa bado kwake. Usimwambie "umeme wako mbovu", mwonyeshe namba halafu nyamaza. Mzee wa Kimara alipoona ile 271 alinirudishia hela ya chaja mbili mwenyewe, sikuomba.

Jambo moja nilisahau. Chaja mbovu ondoka nayo, au ikate waya. Kwa mteja mwingine niliiacha juu ya meza, mtoto wake akaichomeka kwenye king'amuzi kwa kuwa ncha iliingia, na king'amuzi nikalipa mimi.