Roboti inayoanguka kifudifudi ikisimama

Ndugu, nimekuelewa: umeunda nyumbani roboti ya filamu yenye kichwa kama kuba, umbo limekaa sawasawa, ila ikiwa inakwenda ukaisimamisha ghafla, inaanguka kifudifudi. Kabla ya kununua mota nyingine, shusha betri hadi kwenye nyayo, kwa sababu uzito ulioko juu ndio unaoipindua, kisha rekebisha programu ili mwendo upungue polepole badala ya kukatika mara moja. Yangu ilitulia siku hiyohiyo, ingawa kuba yake ilikuwa imeshapasuka. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena kamwe, na kazi yoyote inayogusa umeme wa ukutani mwachie fundi umeme.