Kufunga msitu peke yake hakutoshi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini serikali isipige marufuku ukataji miti moja kwa moja, yakaisha. Sisi wa Lamu tumeshayaona. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji, na mikoko ikaingia humo humo. Mjomba wangu, mkata boriti tangu ujana, alikaa miezi jahazi limelala mchangani, shoka lashika kutu, deni la dukani lapanda. Na huku ndiko kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, basi fikiria ni nyumba ngapi zilizoguswa.

Kukata ovyo nako ni kujinyima, maana kwenye mizizi ya mikoko ndiko wanakokulia kamba na kaa. Wavuvi wanalijua hilo vizuri sana.

Mimi naamini msitu hulindwa na anayekula kutokana nao. Tazama Gede, karibu na Malindi: tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo wa kuuzwa nje. Viwavi wanataka majani ya miti ya msituni, hivyo mkulima mwenyewe ana sababu ya kumzuia mwenye shoka. Lamu ningeanza na zamu: eneo likatwe, lipumzishwe, na wakataji hao hao walipwe kupanda miche.