Gundi ya kasia lililopasuka
Umeuliza gundi ya kasia lililopasuka, na umesema uliambiwa Araldite na supa gluu ni za kampuni moja. Tumia Araldite, ile ya tyubu mbili. Gundi nyeupe ya seremala usiitumie kwenye kasia: hukauka kwa maji yake kutoka, kwa hiyo likishinda ziwani inalainika tena na ufa unafunguka. Natengeneza makasia hapa Igombe, nimeyaona mengi ya namna hiyo. Araldite inagandishwa na kemikali, tyubu moja ina gundi na nyingine kigumishi, unachanganya sawa kwa sawa. Na si ya kampuni moja na supa gluu kama ulivyoambiwa: Araldite ililetwa sokoni na Ciba ya Uswisi mwaka 1946, siku hizi ni ya Huntsman ya Marekani. Supa gluu ilitoka Eastman Kodak, ikaanza kuuzwa 1958. Hiyo inashika upesi, lakini likigonga jiwe mara moja inaachia.

Ila mbao iwe kavu kabisa. Anika kivulini siku kadhaa, kwangua uchafu ndani ya ufa, paka, kaza kwa kamba, na usilishushe majini kabla ya siku nzima kupita.